Sabufa inatikisa madirisha lakini maneno hayasikiki: tununue nini kwa laki tisa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Rau, Moshi. Sebule yetu ina urefu wa kama mita tano na upana wa mita nne, sakafu ni ya vigae na dari ni ya jipsamu. Tuna televisheni ya inchi 55 na sabufa yenye spika ndogo mbili, kwenye boksi imeandikwa wati 12,000. Tukiangalia filamu, milipuko inatikisa madirisha lakini mazungumzo hatuyapati. Mama mkwe tunaishi naye, na kila baada ya dakika anauliza, "Wamesemaje?" Tumejibana tumepata laki tisa. Mume wangu anataka sabufa kubwa zaidi yenye spika tano. Dukani wananishauri saundiba. Jirani anasema tununue amplifaya na spika. Tushike lipi?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Mama mpe shikamoo yangu, maana swali lake ndilo nitakalolifanyia kazi kuliko mengine yote. Hapa karakana kwangu Arusha naletewa lalamiko hilo karibu kila wiki, na mara nyingi anayelileta anaamini sabufa imeharibika. Ya kwenu ni nzima. Inafanya kile ilichoundwa kufanya, na mazungumzo hayakuwa kwenye hesabu.

Chukua rula upime uso wa zile spika ndogo. Nyingi ni inchi tatu. Sauti ya mwanamume anapoongea huanzia karibu hezi 85 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde), ya mwanamke karibu hezi 165. Spika ya inchi tatu kwenye kiboksi cha plastiki haifiki huko chini kwa nguvu ya maana, kwa hiyo kazi hiyo anaachiwa wufa, ile spika kubwa ya besi, aliyeko sakafuni. Matokeo yake kifua cha sauti kinatokea chini kwenye kona, huku herufi kama s, f, t na ch zinatoka juu kwenye spika dhaifu. Na hizo herufi, ambazo nguvu yake iko zaidi kati ya hezi 2,000 na 8,000, ndizo zinazotofautisha "tatu" na "chatu". Umri unapokwenda, sikio huanza kupoteza sauti nyembamba za juu. Mama anasikia kwamba mtu anaongea, ila anayakosa maneno. Mkiongeza sauti ili asikie, mnaongeza na dundo, na dundo linayafunika maneno zaidi.

Sasa hizo wati 12,000. Geuza sabufa uangalie nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Kuna maandishi madogo, kitu kama 230V, 50Hz, halafu wati. Utakuta 50, 60, labda 80. Huo ndio umeme inaokula, na hakuna kifaa kinachoweza kuendelea kutoa nguvu kubwa kuliko inayoingia kutoka kwenye soketi. Namba ya mbele inaitwa PMPO, haina kipimo kinachokubalika popote, na kila kiwanda kinajiandikia. Inaniuma nikimwona mtu ameongeza laki mbili ili atoke "wati 8,000" kwenda "wati 12,000" wakati nikifungua ndani nakuta transfoma ileile. Kipimo cha kuuliza ni RMS, yaani wati za kweli za kuendelea, kwa kila chaneli (kila njia ya spika), kwenye omu ngapi, yaani ukinzani wa spika. Muuzaji asipokuwa na jibu, soma nyuma.

Wati za kweli mnazohitaji ni chache kuliko mnavyodhani. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa kama desibeli 88 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake. Ukikaa mita tatu unapoteza kama desibeli tisa, unabaki na 79, wakati maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli tatu tu. Kwa hiyo wati 40 za kweli zinakufikisha kwenye 95 hapo ulipokaa, na hiyo kwenye sebule ya mita tano kwa nne ni sauti ya kumfanya jirani agonge mlango. Amplifaya ya wati 50 za kweli kwa kila chaneli inawatosha kabisa.

Sabufa ya spika tano ambayo shemeji anaitaka, nashauri mwiache. Nyingi za bei hiyo hazina ndani yake kifaa cha kufumbua sauti ya chaneli sita, yaani spika tano na ya besi. Zina matundu sita ya duara ya RCA nyuma, na ukizipa sauti ya kawaida ya televisheni zinanakili kitu kilekile kwenye maboksi yote matano. Mtakuwa na vispika vitano vya inchi tatu badala ya viwili. Saundiba ina nafasi yake, hasa kwa mpangaji anayehama hama, na hata ile ya kawaida yenye spika ya katikati ingempa mama nafuu. Kinachonizuia ni kwamba ikiungua bodi baada ya umeme kurudi vibaya, mara nyingi hakuna spea, na huwezi kubadilisha kipande kimoja ukabaki na vingine. Jirani yuko sahihi.

Ningefanya hivi na laki tisa yenu. Laki nne ziende kwenye risiva ya AV iliyotumika, ile yenye amplifaya na kifumbuzi cha Dolby Digital (sauti ya filamu ya chaneli nyingi) ndani yake. Laki nne nyingine ziende kwenye spika tatu za mbele: kushoto, kulia, na ya katikati. Laki inayobaki ni ya nyaya, kilinda umeme na nauli. Spika za nyuma zisubiri hata mwaka mzima. Kwenye filamu karibu mazungumzo yote yanapita kwenye spika ya katikati, na kwa sasa nyumba yenu haina hiyo spika. Ila sabufa msiiuze. Itashushwa cheo iwe wufa tu. Risiva ina tundu limeandikwa SUB OUT au PRE OUT. Toa waya wa RCA hapo uingize kwenye AUX ya sabufa, chomoa zile spika ndogo uziweke kabatini. Kwenye menyu ya risiva andika kwamba spika za mbele ni ndogo (Small) na mpaka (Crossover) ni hezi 80. Chini ya hapo anashughulika sabufa, juu ya hapo zinabeba spika. Usumbufu wake ni mmoja: umeme ukikatika, sabufa nyingi zinarudi kwenye Bluetooth, itabidi uirudishe AUX kwa rimoti yake.

Risiva iliyotumika inataka macho. Kitu cha kwanza, kabla hujaulizia bei, soma volti nyuma. Zilizoletwa kutoka Marekani zimeandikwa 120V, za Japani 100V, na umeme wetu ni 230V. Dada mmoja wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, aliletewa risiva nzuri na kaka yake kutoka ng'ambo, akaichomeka moja kwa moja. Ililia mara moja tu. Nilipoifungua, transfoma ilikuwa imeungua na sehemu ya bodi imekuwa nyeusi, na spea ya transfoma ile sikuipata hadi leo. Kama ni ya 120V mnahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi ulaji wa risiva kwa nafasi ya kutosha, na hiyo ni gharama nyingine na joto lingine sebuleni. Tafuteni iliyoandikwa 220-240V.

Ikiwashwa, sikiliza. Baada ya sekunde chache inatakiwa itoe mlio mdogo wa "tik", hiyo ni rilei ikifungua njia ya spika. Isipolia, au ikiandika PROTECT, rudisha. Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Mikwaruzo kidogo ni vumbi, inasafishika, lakini chaneli inayopotea na kurudi ni ugonjwa. Omba spika moja uihamishe kwenye kila chaneli, pamoja na ya katikati, maana wauzaji hujaribu kushoto na kulia tu. Iache ikipiga nusu saa, kisha weka mkono juu yake: joto la uvuguvugu ni sawa, la kukufanya utoe mkono si sawa. Ukiwa na fundi mwenye mita, apime volti DC kwenye vituo vya spika bila kuunganisha spika. Ikizidi milivolti 50, msiichukue.

Msiogope kama HDMI yake ni ya zamani na haipitishi picha ya 4K. King'amuzi na vingine vyote chomekeni kwenye televisheni, halafu sauti tu ndiyo itoke kwenda kwenye risiva. Kama risiva ina HDMI iliyoandikwa ARC, njia ya televisheni kurudisha sauti kwenye risiva, kitu kilichoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009, tumieni hiyo. Kama haina, tumieni waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga. Kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni chagueni Bitstream au Dolby Digital. Ikibaki kwenye PCM, optiko itapeleka chaneli mbili tu. Na kwa vipindi ambavyo vimetengenezwa kwa chaneli mbili, risiva nyingi zina Pro Logic II, ambayo inayachukua maneno na kuyaweka kwenye spika ya katikati. Kwa mama hiyo ni dawa.

Spika nazo. Tafuteni za rafu, wufa ya inchi tano au sita na nusu, boksi la mbao au MDF, omu 6 au 8. Angalieni desibeli zilizoandikwa: spika ya 91 inahitaji robo tu ya wati za spika ya 85 kufika sauti ileile. Spika ya katikati ikitoka kiwanda kimoja na za pembeni, toleo moja, ni bora zaidi, kwa sababu mtu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia kwenye picha sauti yake haibadiliki njiani. Mkikosa, nunueni spika tatu zinazofanana na ya tatu muilaze chini ya televisheni.

Kwenye zilizotumika, ondoa kitambaa cha mbele. Ule ukingo unaozunguka wufa ukiwa wa sponji, ubonyeze kwa ncha ya kidole. Ukimong'onyoka kama keki kavu, acha. Wa mpira unadumu zaidi. Kisha sukuma koni kwa vidole viwili pande zote sawasawa. Ukisikia kukwaruza ndani, koili imeungua au imepinda. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, weka sikio karibu usikilize, maana ndiyo inayokufa kwanza, na mara nyingi inauawa na amplifaya ndogo iliyosukumwa hadi sauti inapasuka.

Mafundi seremala wetu wanachonga maboksi mazuri sana, na mimi nawapa kazi. Ila boksi zuri likivalishwa spika za gari, kuweni waangalifu. Nyingi za gari ni omu 4, na zikiungwa mbili sambamba zinakuwa omu 2, mzigo ambao risiva ya nyumbani haukuundiwa. Itazima, au itaungua.

Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kawaida wa duka la umeme, unatosha kwa mita zenu tano. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea na sauti inakosa mahali pa kukaa. Risiva na sabufa ziwe kwenye kilinda umeme chenye kuchelewesha, kinachosubiri umeme utulie baada ya kurudi. Na mkisikia mvumo mzito usiokoma, chomoeni waya wa antena au wa dishi; ukinyamaza, tatizo liko kwenye waya wa ardhi (earth), na waya wa optiko huwa unalimaliza kwa sababu hauna umeme ndani yake. Msikate pini ya ardhi kwenye plagi, hata fundi akiwaambia.

Vigae na dari ya jipsamu vinarudisha sauti kama bafuni. Zulia zito kati ya kochi na televisheni, na mapazia ya kitambaa kwenye yale madirisha, vitawasaidia kuliko kununua spika ya nne. Spika ya katikati iwe kwenye ukingo wa mbele wa stendi, isisukumwe ndani ya kabati, na iinuliwe kidogo mbele ielekee masikioni. Sabufa itoeni kwenye kona mpaka dundo lilegee.

Siku ya kwanza msianze na filamu ya milipuko. Mama akae kwenye kiti chake cha kila siku, mweke taarifa ya habari, sauti ya kawaida. Ingieni kwenye menyu ya risiva, sehemu ya viwango vya spika, mpandishe ya katikati desibeli moja moja, mbili, tatu, mpaka aache kuegemea mbele. Usiku watoto wakilala washeni Night Mode, inayopunguza milipuko na kuyainua maneno ya chini. Kama mvua ya masika ikigonga bati bado mama anauliza wamesemaje, ongezeni desibeli moja nyingine hapohapo kwenye ya katikati, zile mbili za pembeni ziacheni zilivyo.