Mdhamini akipandisha zawadi, watazamaji watarudi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na kila Jumamosi usiku naendesha kipindi cha chemsha bongo kwenye televisheni ya hapa mkoani. Washiriki sita wanajibu maswali 20, mwenye alama nyingi anaondoka na shilingi milioni 5. Wiki mbili za kwanza mtaa mzima ulikuwa unatuongelea. Sasa tuko wiki ya saba na hata wanafunzi wangu hawaangalii. Mdhamini yuko tayari kupandisha zawadi hadi milioni 50. Ameleta na mshauri, ambaye anasema turefushe kimya kabla ya kutaja jibu, tutafute washiriki wenye historia za kusikitisha, watazamaji walipie ujumbe wa simu ili wapate nafasi ya kushiriki, na ikibidi "tumsaidie" kidogo yule anayependwa. Tukipandisha zawadi, watazamaji watarudi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hawatarudi. Watakuja Jumamosi moja kuziangalia hizo milioni 50, kama watu wanavyotoka nje kuangalia gari jipya la jirani, halafu kila mtu atarudi kwenye tamthilia yake.

Nimetengeneza vipindi vya maswali hapa Arusha miaka 19, redioni kwanza na baadaye kwenye runinga, na barua kama yako nimepokea nyingi mno. Zote zinaanzia palepale, kwenye ukubwa wa zawadi, kana kwamba mtazamaji aliyekaa Pasua kwenye kochi lake atapata chochote katika hizo milioni. Hapati hata shilingi. Anachokipata ni kumwona mtu mwenzake akiamua, huku kitu ambacho tayari ni chake kikiwa hatarini. Sasa rudia kuusoma mpango wako. Washiriki wako wana alama tu, na alama haziliwi. Hakuna wakati wowote katika yale maswali 20 ambapo mtu ana hela mkononi na anaweza kuipoteza. Ukiweka milioni 50 mwishoni mwa mpango huo, bado hakuna anayepoteza kitu.

Nilipokuwa najifunza kazi hii nilikuwa siangalii runinga, naangalia wanaoiangalia. Jioni moja nilikaa kwenye baa ya nyama choma Kijenge wakati kipindi chetu kikiwa hewani. Kwenye kiti cha mshiriki alikuwapo fundi cherehani wa Ngarenaro, ana laki nane, na swali linalofuata ni la milioni moja na laki sita: kilele cha Uhuru kiko kwenye koni ipi ya Kilimanjaro? Alikuwa ametumia msaada wa kuondolewa majibu mawili, yakabaki Kibo na Mawenzi. Mpagazi wa Marangu angejibu kabla swali halijaisha. Lakini fundi wetu kila asubuhi anauona Meru, Kilimanjaro anaipita tu kwenye Coaster akienda msibani Moshi. Alitaja Kibo, akajirudi, akasema Mawenzi ndiyo imechongoka zaidi, akanyamaza. Mchoma nyama aliacha jiko, kisu mkononi, akawa anaiambia runinga: "Chukua uondoke, dada, chukua uondoke!" Mzee mmoja akampigia kelele anyamaze, ni Kibo, mtoto wa darasa la nne anajua. Mbavu za mbuzi ziliungua upande mmoja na hakuna mteja aliyelalamika. Wala hakuna aliyeuliza zawadi ya juu ya kipindi ni shilingi ngapi.

Huo ndio ufundi, na unaanzia kwenye ngazi ya fedha. Kipindi cha Uingereza cha Who Wants to Be a Millionaire? kilichoanza ITV Septemba 1998 kilikuwa na maswali 15, na ukivuka pauni 1,000 au 32,000 hela hiyo hainyang'anywi tena. Mshiriki aliyefika swali la mwisho ana pauni 500,000 na anaruhusiwa kusimama akaenda nazo. Akikosea anabaki na 32,000. Tuseme amebaki na majibu mawili na hajui lipi ni lipi. Wastani wa milioni moja na 32,000 ni 516,000. Yaani faida ya kubahatisha ni ndogo mno ukiilinganisha na nusu milioni ambayo tayari ni yake. Ndiyo maana sebule inagawanyika, baba anasema aende, mama anasema asimame, na wote wawili wana hoja.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa mdhamini wako alisikie. Kile kipindi kilikaa zaidi ya miaka miwili bila mtu yeyote kuichukua milioni. Judith Keppel, mshindi wa kwanza Uingereza, aliipata Novemba 2000. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 1999, kilikuwa kimeshafikisha karibu watazamaji milioni 19 kwa usiku mmoja. Walikuwa wanaangalia watu wakihangaika na pauni 8,000 na 16,000, hela ambayo ilikuwa inamaliza deni la nyumba la mtu au kumnunulia gari.

Kwa hiyo baki na milioni 5 zako. Futa alama, mweke mtu mmoja kwenye kiti, na kila hatua anayovuka iwe hela yake kweli. Weka hatua ya akiba kwenye laki nne, ambapo hata akikosea juu haanguki chini yake. Kazi kubwa iko kwenye hatua ya mwisho, na hapa wengi huandika namba yoyote iliyowapendeza. Ukimtoa mshiriki kwenye milioni 3 kwenda 5, akiwa na majibu mawili wastani wa milioni 5 na ile laki nne ni milioni 2 na laki saba, pungufu ya alizonazo. Mwenye akili ataondoka kila wiki, na kipindi kitaisha kimepooza. Ukimtoa kwenye milioni 1 kwenda 5, atabahatisha hata akiwa na majibu matatu, na kubahatisha kusiko na uchungu hakumsisimui mtu. Mtoe kwenye milioni 2 na nusu. Hapo wastani unazidi kidogo tu alizonazo, na milioni 2 na nusu kwa kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni ni karibu na bei ya pikipiki yake mwenyewe. Akiwa kwenye kile kiti anaiona pikipiki, na anayeangalia nyumbani anaiona naye.

Maswali yenyewe nayo yana madhambi yake. Hazina ya maswali isijazwe na mtu mmoja usiku wa Ijumaa. Ninyi wa Moshi mnapenda kuuliza urefu wa Kilimanjaro kwa sababu wote mlikariri mita 5,895. Mwaka 1999 waliupima kwa GPS wakapata 5,892. Ukiweka namba zote mbili kwenye majibu, una majibu mawili ya kweli na ugomvi mmoja hewani. Arusha tuna la kwetu: Azimio la Arusha lilipitishwa mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Uliza mwaka, uko salama. Uliza tarehe bila kusema ni ya kupitishwa au ya kutangazwa, na mwanahistoria mmoja akiwa kwenye kiti, utamlipa au utamwomba radhi. Kila swali lisomwe na watu wawili ambao hawakuliandika, na chanzo chake kiandikwe pembeni. Swali zuri ni lile ambalo nusu ya sebule inadhani inajua. Likijulikana na wote ni kupoteza muda. Lisilojulikana na yeyote linamfanya mtazamaji ajione mjinga nyumbani kwake, naye ana rimoti.

Sasa mshauri wako.

Kimya: kile kimya kirefu cha Chris Tarrant, mtangazaji wa kile kipindi cha Uingereza, kilibeba uzito kwa sababu mshiriki alikuwa ameshaacha hela salama ili ajaribu, na hapo hawezi tena kurudi nyuma. Wanaoiga huchukua kimya wakaacha mengine. Wanakaa sekunde 20 na ngoma zinadunda kwenye swali la elfu kumi ambalo kila mtu amelijibu, kisha wanakata kwenda matangazo. Mtazamaji anajua anachezewa. Kimya kitokane na uzito wa uamuzi, na swali jepesi lijibiwe haraka mwendelee.

Historia za kusikitisha: mtu akiwa na shida atazitaja mwenyewe pale anapoamua asimame au aendelee, na zitamgusa kila mtu. Ukianza kwa dakika tano za kinanda na picha ya mama mgonjwa, umemwambia mtazamaji amhurumie kabla hajamjua. Pia umemwumiza mshiriki, maana akikosea anashindwa mbele ya mama yake na mbele ya mkoa mzima.

Lakini hilo la "kumsaidia" ndilo lililonifanya nikujibu leo badala ya kusubiri zamu yako. Anayekupa ushauri huo anauza sumu, Mwalimu, na ni sumu ya zamani. Mwaka 1956 kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kipindi kinachoitwa Twenty-One. Usiku wa kwanza matokeo hayakupangwa. Washiriki walikosea ovyo, mambo yakapooza, mdhamini akakasirika. Baada ya hapo watayarishaji wakaanza kugawa majibu. Wakamtengeneza Herbert Stempel kuwa bingwa, walipomchoka wakamwamuru akosee swali la filamu aliyokuwa anaijua vizuri, ili ashindwe na Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu, kijana mwenye sura ya kupendwa. Van Doren aliondoka na dola 129,000. Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alipewa majibu. Katika kashfa hiyo vipindi vikubwa vya maswali vilifutwa kimoja baada ya kingine, hata mtu ambaye alishinda kwa haki hakuaminiwa tena, na mwaka 1960 sheria ikabadilishwa, kupanga matokeo ya shindano la namna hiyo likawa kosa la jinai. Angalia chanzo chake: mdhamini kuona kipindi kimepooza na mtu mmoja kupendekeza njia ya mkato. Ni kikao kilekile ulichokaa wewe juzi.

Na hapa kwetu mtu hahitaji Bunge kugundua. Moshi ni mji ambao kila mtu ana binamu anayefanya kazi mahali. Mshiriki uliyempa jibu ana mke, mke ana kikoba, na kikoba kinakutana Jumatatu.

Kuhusu watazamaji kulipia ujumbe ili wapate nafasi ya kuchaguliwa kwa bahati: hiyo si chemsha bongo tena, ni mchezo wa kubahatisha, na huko kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake ya mwaka 2003. Mshauri anayekuambia hilo bila kutaja kibali, muulize ni nani ataitwa siku wakaguzi wakija, yeye au mwenye kipindi.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kituo kimoja ambacho siku hizi hakipo. Tulimpata mshindi wa milioni 3, mama muuza mitumba wa soko la Memorial huko kwenu. Tulimpa kile kikadi kikubwa cha hundi, akapiga picha, watu wakashangilia. Fedha hazikuwapo. Mdhamini alikuwa ametoa ahadi tu. Mama yule alipanda basi kuja Arusha mara sita, kila mara na kile kikadi amekikunja mara mbili kwenye mfuko wa rambo, anaulizia mapokezi. Alilipwa mwezi wa nane tangu ashinde, kwa mafungu, baada ya baadhi yetu kugoma kurekodi. Katika miezi ile alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni mhasibu wetu, akamwambia atume laki moja na nusu ya kufungulia malipo. Akatuma. Kwa nini asiamini? Sisi wenyewe tulikuwa tumeshamzoesha kungoja na kuambiwa njoo kesho.

Hawa ndio wanaoishi kwenye kivuli chetu, wanaotuma ujumbe wa "umeshinda, ile ada tuma kwenye namba hii". Wanasikika wa kweli kwa sababu vipindi vya kweli vinachelewesha, vinaficha masharti na kulipisha watu kabla hawajacheza. Kwa hiyo nawaambia wasomaji wote, si Mwalimu peke yake: kipindi cha haki hakikuombi hela ili kikupe hela. Ukiambiwa ulipe chochote, kiitwe ada, kodi au usajili, kata simu, hata kama anayepiga amekutajia jina lako na swali ulilojibu.

Nawe Mwalimu, kabla ya kurekodi wiki ya nane, kaa na mdhamini umwulize hizo milioni 50 ziko benki gani na akaunti inasoma jina la nani. Kama zipo, usizirundike kwa mtu mmoja, zigawe kwenye vipindi kumi vya milioni 5, zilipwe kabla mshindi hajatoka studio. Kama hazipo, fanyeni na za mfukoni mnazoziona, hata zikiwa laki tano. Na nitumie maswali yako 50 ya kwanza, na vyanzo vyake pembeni. Nitayasoma mwenyewe.