Maswali na Majibu: Antivirusi na Faiwoli za Bure kwa Kompyuta ya Nyumbani

Safari hii nimeyakusanya maswali yanayohusu kinga za bure, yaani antivirusi, zinazokamata programu hasidi, na faiwoli, zinazochuja mawasiliano ya mtandao, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa katika kapu langu. Kabla ya kuanza, ninarudia ombi langu la siku zote: taja toleo la mfumo wa uendeshaji unaoutumia. Anayeandika "kompyuta yangu imekuwa nzito, nifanyeje?" pasipo kusema kama ni Windows 7 au Windows 11 hana tofauti na mgonjwa anayempigia daktari simu, akasema anaumwa, kisha akakata.

Ndugu mwandishi, ni antivirusi gani ya bure iliyo bora kuliko zote?

Kama unatumia Windows 10 au Windows 11, unayo tayari, nayo inaitwa Microsoft Defender. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba ninashawishika kuamini kuwa wanaouliza hawatafuti jibu bali wanatafuta kitu cha kupakua.

Mwaka 2009 Microsoft ilitoa bure programu iliyoitwa Security Essentials, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 kinga hiyo ikaingizwa ndani ya mfumo wenyewe. Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa baada ya hapo ilikuwa ikishika mkia kwenye majaribio, na sifa hiyo mbaya imeigandamana hadi leo midomoni mwa watu ambao hawajaitazama tena tangu wakati huo. Siku hizi maabara zinazojitegemea, kama AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck nchini Austria, huipa alama zinazokaribiana na zile za programu za kulipia. Asiyeitaka kabisa anaweza kutazama toleo la bure la Bitdefender, lakini aniambie kwanza Defender imemkosea nini.

Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba iko macho. Tazama ile ngao ndogo iliyo pembeni mwa saa, chini ya kioo upande wa kulia. Ikiwa na alama ya kijani, endelea na shughuli zako. Ikiwa na alama ya manjano au nyekundu, ibofye usome inachosema, badala ya kuizoea kama watu wanavyozoea bomba linalovuja. Aidha, kompyuta nyingi mpya huja na antivirusi ya majaribio iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo muda wake ukiisha hubaki pale ikilalamika na kuomba fedha. Iondoe kabisa, izime kompyuta na kuiwasha tena, na Defender itarudi kazini yenyewe.

Nikisakinisha antivirusi mbili, si nitakuwa salama maradufu?

Hapana. Kila antivirusi inayolinda muda wote hujipenyeza kwenye njia ambayo faili hupitia linapofunguliwa, ili ilikague kabla halijafika kwako. Zikiwa mbili, kila moja hutaka kuwa ya kwanza, na pengine moja huyakuta mafaili ambayo mwenzake ameyaweka karantini, ikapiga kengele kana kwamba imegundua uvamizi mpya. Niliwahi kuletewa kompyuta mpakato yenye antivirusi tatu, mwenyewe akiamini kuwa ameijengea ngome. Niliibofya folda moja ya picha, nikasoma barua mbili za wasomaji, na nilipoinua macho kile kiduara kilikuwa kingali kinazunguka. Niliondoa mbili na sikuongeza chochote, naye akadai nimembadilishia diski.

Kinachoruhusiwa ni kuwa na mkaguzi wa pili asiyekaa kazini muda wote. Toleo la bure la Malwarebytes, baada ya siku zake 14 za majaribio kwisha, hukagua pale tu unapoliamuru, kwa hiyo haligombani na mwenye zamu.

Kampuni hizi hufaidika na nini zinapotupa programu bure?

Hatimaye nimepata swali la maana, na ningefurahi kama lingeulizwa mara nyingi kama lile la kwanza.

Zipo zinazotarajia kwamba utachoshwa na matangazo yao hadi ununue toleo kamili, na huo ni uchuuzi wa kawaida usio na ubaya. Lakini ipo njia nyingine. Mwezi Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Avast, mojawapo ya antivirusi za bure zilizoenea zaidi duniani, ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za kurasa zilizotembelewa na watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza kumbukumbu za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Hebu lifikirie jambo lenyewe: mtu anasakinisha programu ili asichunguzwe, na programu hiyohiyo, ambayo kwa kazi yake lazima ipewe ruhusa ya kuona kila kitu, ndiyo inayomchungulia anaposoma kuhusu maradhi yake, madeni yake na ibada zake.

Wengine wataniambia, "Basi tutahamia AVG." AVG ilinunuliwa na Avast mwaka 2016. "Basi Avira." Avira ilinunuliwa na kampuni ya Norton, nayo Norton ikaungana na Avast mwaka 2022, na leo majina yote manne yamo chini ya kampuni moja iitwayo Gen Digital. Sisemi kwamba bado wanauza kumbukumbu za watu. Ninasema tu kwamba anayehama kutoka jina moja kwenda jingine hapo amehama chumba, si nyumba.

Iwapo umeamua kusakinisha mojawapo ya programu za bure, usibofye "endelea, endelea, endelea" kama anayefukuza nzi. Soma kila kioo. Katikati ya hatua hizo mara nyingi kuna kisanduku kidogo kilichokwisha kuwekewa alama ya vema kwa niaba yako, kinachoruhusu kivinjari kingine kuingia, ukurasa wako wa mwanzo kubadilishwa, au taarifa zako kupelekwa kwa "washirika". Ondoa alama hiyo. Ukimaliza, fungua mipangilio ya faragha na uzime kila kinachoweza kuzimwa.

Je, Kaspersky ya bure inafaa?

Kwa uwezo wa kukamata virusi, imekuwa miongoni mwa zinazoongoza kwa miaka mingi. Hata hivyo, Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake nchini humo, ikitaja uhusiano wa kampuni hiyo na Urusi, na kampuni yenyewe ikayapinga madai hayo. Sina ushahidi wa kumtia mtu hatiani wala wa kumsafisha, na kwa kuwa mbadala upo ndani ya kompyuta yako tayari, sioni sababu ya kujiingiza katika ugomvi wa wakubwa.

Rafiki yangu anasema faiwoli ya Windows haizuii chochote. Nisakinishe faiwoli nyingine ya bure, ZoneAlarm au Comodo?

Rafiki yako ana kumbukumbu nzuri ya mwaka 2003. Agosti ya mwaka huo kirusi kilichoitwa Blaster kiliziingia kompyuta za Windows XP na Windows 2000 kwa kubisha tu mlango namba 135 (mojawapo ya njia ambazo kompyuta hupokelea mawasiliano) kupitia mtandao, bila mwenye kompyuta kufungua faili lolote. Windows XP ilikuwa na faiwoli, ila ilikuja ikiwa imezimwa, na wengi hawakujua kwamba ipo. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa kifurushi cha pili cha maboresho ya XP ambacho faiwoli yake huwashwa tangu mwanzo, na tangu hapo hali haikurudi ilivyokuwa. Kabla ya hapo ZoneAlarm ilikuwa lulu, na hakuna aliyeisifu kimakosa.

Faiwoli ya Windows ya leo huzuia mawasiliano yanayoingia bila kuitwa, na huruhusu yanayotoka. Hapo ndipo wakosoaji wake hushikilia: wanasema kama programu hasidi imekwisha kuingia, itawasiliana na walioituma bila kizuizi. Wana hoja, lakini hoja hiyo hupungua nguvu mtu anapoziona faiwoli zinazouliza kila kitu zikiwa kazini. Siku ya kwanza zitakuuliza kama kivinjari kiruhusiwe, kisha kama kitu fulani chenye jina la herufi nane zisizosomeka kiruhusiwe, kisha kingine, na kufikia siku ya tatu utakuwa unabofya "ruhusu" kabla hujasoma. Mlinzi anayemuuliza mwenye nyumba juu ya kila apitaye, na mwenye nyumba akajibu "mpishe" kwa kila mmoja, amegeuka kuwa kero yenye mshahara. Comodo ni chombo kizuri kwa mtu anayejua tofauti ya huduma moja na nyingine ndani ya Windows. Ukilazimika kuniuliza kama wewe ni mtu huyo, si wewe.

Kilicho muhimu zaidi, ambacho hukuuliza, ni aina ya mtandao unaojiunga nao. Windows hukuwezesha kuchagua kama mtandao ni wa binafsi au wa umma. Wa nyumbani uite wa binafsi; wa mahali popote penye watu usiowajua uite wa umma, ili kompyuta yako isionekane na kompyuta za jirani. Pia badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta yako, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, kwa kuwa lile la kiwandani mara nyingi linafahamika kwa kila mtu. Ruta yenyewe huzuia mabisho mengi ya kutoka nje kabla hayajaifikia kompyuta, na kuiachia nenosiri la kiwandani ni kufunga dirisha huku mlango ukiwa wazi.

Nimepakua programu pamoja na krak yake (kile kijiprogramu cha kukwepa leseni). Maelekezo yanasema nizime antivirusi kwanza kwa sababu "itatoa kengele ya uongo". Ni salama?

Mtu usiyemfahamu anakuomba umfungie mbwa wako kabla hajaingia ndani usiku, nawe unaniuliza kama ni salama.

Zipo kengele za uongo, sikatai. Ila huwezi kuitambua ya kweli kwa neno la yule anayetaka uipuuze. Nyingi ya programu zinazoiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari husafiri ndani ya krak na vile vifaa vya kuwezesha Windows bila leseni, na hakuna antivirusi ya bure wala ya kulipia inayoweza kumlinda mtu aliyeizima kwa mkono wake. Ukitaka programu ya bure kwa kazi za ofisi, LibreOffice ipo na haikudai uzime chochote. Na kama krak hiyo umekwisha kuiendesha, badilisha manenosiri yako yote kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na la barua pepe, kisha ndipo uisafishe kompyuta. Wengi hufanya kinyume, wakaandika nenosiri jipya mbele ya mwizi.

Ninatumia Mac. Nihangaike?

Kidogo. Mac ina kinga yake ya ndani, XProtect. Isasishe, na usisakinishe chochote ambacho tovuti imekurupuka kukuambia kwamba unakihitaji.

Bado niko Windows 10, lakini antivirusi yangu inasasishwa kila siku. Kuna ubaya?

Upo. Masasisho ya antivirusi huiongezea orodha ya wahalifu. Masasisho ya mfumo huziba matundu ya ukutani, na moja halichukui nafasi ya jingine. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ukawekwa mpango wa nyongeza unaohitaji kujisajili, ambao kwa watumiaji wa nyumbani uliwekewa ukomo wa Oktoba 2026. Microsoft imeahidi kuendelea kuisasisha Defender kwenye mfumo huo hadi Oktoba 2028, na ninahofu kwamba watu wataiona ile alama ya kijani wakadhani yote ni shwari.

Anayetilia shaka akumbuke WannaCry. Kiraka cha tundu lililotumiwa na kirusi hicho kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, na kirusi kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Waliokuwa wamepokea kiraka hawakuingiliwa kupitia tundu hilo. Kama kompyuta yako haiwezi kubeba Windows 11, fikiria Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji ulio wa bure, au uitumie bila mtandao.

Kivinjari kinaniambia nina virusi vitano na nipige simu namba fulani.

Usipige. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuikagua kompyuta yako. Kama tangazo hilo hurudi hata ukiufunga ukurasa, uliwahi kubofya "ruhusu arifa" mahali fulani; ingia kwenye mipangilio ya kivinjari uifute ruhusa hiyo.

Nitajuaje kama antivirusi yangu inafanya kazi bila kujiletea kirusi?

Lipo faili la majaribio liitwalo EICAR, lenye herufi na alama 68 tu, lisilo na madhara yoyote, ambalo watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kulitendea kama kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR yenyewe. Kinga iliyo hai italinyakua kabla hujalifungua.

Shikamoo. Folda zote kwenye flashi yangu zimegeuka kuwa vialama vya njia ya mkato (shortcut), na antivirusi ikishasafisha sioni mafaili yangu. Yamefutwa?

Marahaba. Uwezekano mkubwa ni kwamba hayajafutwa, kwa hiyo usiifomati flashi. Kirusi cha aina hiyo huzificha folda zako halisi kwa kuzipa sifa za mafaili ya mfumo, kisha huweka vialama vyenye majina yaleyale; ukibofya kialama, folda hufunguka kweli, nacho kirusi hujiendesha kimyakimya. Antivirusi huviondoa vialama na kirusi chenyewe, lakini haigusi sifa za folda zilizofichwa, ndiyo maana flashi huonekana tupu ingawa nafasi yake imejaa.

Ikague kompyuta kwanza, usije ukaisafisha flashi na kuiambukiza upya papo hapo. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Subiri hadi mstari wa amri urudi, na mafaili yatajitokeza. Yanakili kwenye diski siku hiyohiyo.