Re: Askofu Muge alikuwa mchungaji ama mwanasiasa?

Umeuliza kama Muge alikuwa mwanasiasa aliyevaa kanzu. Ndugu yangu, alikuwa mchungaji kabisa, Alexander Kipsang Muge, askofu wa Anglikana Eldoret kuanzia 1983, ila injili yake haikuishia mlangoni mwa kanisa. Enzi hizo Kenya ilikuwa na chama kimoja tu cha siasa, KANU, wengi walinyamaza na siwalaumu, lakini yeye alisimama mimbarini akakemea ufisadi, unyakuzi wa ardhi, na ile kura ya mlolongo ya 1988, yaani unapanga foleni nyuma ya mgombea wako na kila mtu anakuona, sasa hapo siri iko wapi?

Halafu Agosti 1990 waziri wa Leba, Peter Okondo, akamwonya hadharani asikanyage Busia, magharibi mwa Kenya, eti akienda huenda asitoke hai. Muge akaenda tu, tarehe 14, na wakati anarudi gari lake likagongana na lori akafa. Okondo akajiuzulu siku chache baadaye. Mimi hiyo safari ndio hunishika mpaka leo, kwa sababu angebaki nyumbani hakuna mtu angemlaumu.