Barua kwa mwanangu: kwa nini tulivuka Malaba mara mbili

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikacheka peke yangu. Unauliza mbona mimi na babako tulivuka mpaka wa Malaba mara mbili ndani ya wiki moja kwenda kwa wajomba zako Nabugoye, kule Uganda karibu na Mbale, na mbona Abayudaya, Wayahudi wa huko, hawawezi kuweka tohara, matanga na sherehe ya kijana kuingia utu uzima wikendi moja, watu wasafiri mara moja nauli isiwamalize. Hata babako aliuliza hivyohivyo pale kwa wabadilishaji pesa, tena kwa sauti.

Sasa sikiza. Mtoto wa binamu yako alizaliwa Jumapili saa moja na nusu usiku. Kwetu jua likizama siku imeisha, ni kama wazee wa pwani wanavyosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha Alhamisi jioni, kwa hivyo huyo ni mtoto wa Jumatatu na tohara ni siku ya nane, Jumatatu iliyofuata, hakuna kusogeza bora mtoto awe mzima. Majirani Wagisu wanangoja kijana awe mkubwa, tena mwaka wa shufwa, ndipo ngoma za imbalu, tohara yao, zilie, sisi mtoto hata kucheka hajajua ashamaliza. Kakungulu mwenyewe aliyetuanzishia dini hii ndiye alichelewa, 1919 alijitahiri akiwa mtu mzima na wanawe pia.

Tukarudi Bungoma jioni, begi sijafungua, Jumanne asubuhi simu, mzee wa nyumba ya chini ametutoka. Wewe umezoea ya huku, mwili mochari wiki mbili, kamati, michango, mazishi Jumamosi. Kule Jumamosi ndiyo siku hawaziki kabisa na maiti hangojeshwi. Jumatano asubuhi alikuwa ameshazikwa, sanda nyeupe basi, halafu wafiwa wakaanza kukaa nyumbani siku saba na sisi majirani tunawapelekea chakula na kusali nao.

Alhamisi jioni tukasimama kwa Kadishi, sala ya mfiwa. Inataka Wayahudi watu wazima kumi, tuko tisa, na hapo nahesabu na sisi wanawake, maana kule kijiji cha Putti wanaofuata njia ya Orthodox, ile ya Uyahudi wenye masharti makali zaidi, hawatuhesabu. Mtoto wa marehemu ameshika kitabu, kidole kiko kwenye mstari wa kwanza, haanzi. Tumengoja, taa ya sola inafifia, hakuna anayeongea. Babako amekaa kwenye benchi hapo, Mluhya wa watu, hahesabiki. Akainuka bila kuambiwa, akapanda boda mpaka kilima cha pili, akarudi na kijana mmoja matope mpaka magotini, katolewa shambani. Ndio kidole kikaanza kutembea.

Bibi yako alikuwa akisema enzi za Amin dini yetu ilipopigwa marufuku watu walisali kwa kujificha na wengi wakaacha, mpaka 1979 alipoondoka. Kwa hiyo hao kumi usidhani wapo tu wamekaa. Na wewe nimekuzaa mimi, Uyahudi unafuata mama, unahesabika, hata kama Nairobi hukumbuki.

Jumamosi ilikuwa ya kijana, miaka kumi na tatu, amesoma Torati kwa Kiebrania sauti inavunjika kama jogoo mdogo, maelezo kwa Kiluganda, tukamrushia peremende. Wafiwa nao walikuja, maana Sabato matanga yananyamaza kidogo, kisha wakarudi kukaa. Hiyo kwa kawaida huwa Jumamosi kama hivyo, na harusi haiwezi kuwa Jumamosi, sasa wewe niambie hiyo wikendi yako moja unaipangaje.

Harusi ya dada yake kijana ni Jumapili mwezi ujao. Panda basi la Alhamisi usiku, uwe umefika Ijumaa kabla jua halijazama, usinifikie Jumamosi saa nne na mabegi watu wako sinagogi. Malaba kitambulisho kinatosha. Na babako anasema umletee betri za redio, zile kubwa, sio kama za juzi.

Mamako