Re: Miezi minne kimya, mswada wangu vipi?

Waalaykum salaam kaka. Umesema mswada wa riwaya umempelekea mchapishaji wa Dar kwa imeli, mwezi wa nne huu hujajibiwa. Kwanza fungua ile imeli uliotuma uangalie faili lilikwenda kweli, na kwenye spam pia, pengine jibu lao limeangukia humo. Mie nilituma nikiwa Wete nikangoja miezi mitano roho juu, kumbe ilofika kwao ni barua tupu, faili halikwenda, niliumia sana wallahi. Kama lilikwenda basi usivunjike moyo, mitatu mpaka sita ni kawaida kwa sababu wengi humpa msomaji wa nje ya kampuni yao autathmini kwanza. Ukitimia wa sita waandikie mistari mitatu tu, jina la mswada, tarehe uliotuma, umefika hatua gani. Ukitaka kupeleka kwengine waarifu kwanza, tafadhali.