Kwa nini Yudhishthira hakukataa kamari? Dadu, kutawazwa kwa mfalme na nywele za Draupadi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kuangalia Mahabharata ile ya tamthilia na kuna kitu kinanikera mpaka leo. Yudhishthira anaitwa mfalme wa haki, hasemi uongo, halafu anakaa kwenye kamari anapoteza ufalme, ndugu zake, yeye mwenyewe na mke juu. Si angesema tu sichezi? Kuna jamaa kaniambia ni mila ya dini yao ya zamani, mfalme akitawazwa lazima acheze dadu. Ni kweli au ananidanganya? Na zile dadu za Shakuni ni za mifupa ya baba yake kweli? Halafu mwisho Draupadi anaambiwa aombe anachotaka, anaomba mara mbili anaacha, kwa nini?

JIBU: Marahaba. Mifupa kwanza maana hiyo inaisha haraka. Kwenye Mahabharata ya Kisanskriti, lile shairi refu la kale la India lenyewe, hakuna mifupa. Taasisi ya Bhandarkar ya Pune ilikaa tangu 1919 mpaka 1966 inalinganisha nakala za mkono za shairi hili zilizotoka kila pembe ya India, ikatoa toleo ambalo ndilo sisi watu wa fani hii tunalolitumia, na humo Shakuni hana baba aliyefia gerezani wala dadu za mifupa, ni mjomba tu wa Duryodhana, yule binamu na hasimu wa Yudhishthira, anajua kucheza kuliko wote na hana haya. Hayo mengine yameongezwa na wasimulizi wa baadaye, na kwa TV ni matamu sana sikatai. Na lile neno la Draupadi kumwambia Duryodhana "mtoto wa kipofu naye kipofu" nalo humo halimo. Duryodhana kweli anadanganyika na sakafu ya lile jumba la Yudhishthira mjini Indraprastha anatumbukia majini, wanaomcheka pale pale ni Bhima, mdogo wake Yudhishthira, na ndugu zake na watumishi, Draupadi tunamsikia baadaye Duryodhana mwenyewe akilalamika kwa baba yake, mfalme kipofu Dhritarashtra, kwamba hata yule mwanamke na wenzake walinicheka. Hilo liweke akilini.

Sasa dadu zenyewe. Usifikirie vile vya ludo vyenye nukta. Dadu za zamani kule zilikuwa kokwa za mti unaitwa vibhitaka, na huu mti ni ndugu kabisa wa mkungu wetu wa pwani, jenasi moja, Terminalia, ukiwahi kutumia ile dawa ya Kihindi ya triphala basi umeshakula tunda lake maana ni moja ya yale matatu. Kokwa lake ni gumu, lina kama pande tano hivi, halina alama yoyote. Namna ya kucheza, kwa jinsi wataalamu walivyoiunganisha kutoka maandishi ya zamani, kokwa zinamwagwa nyingi chini, mtu anachota, zinahesabiwa nne nne. Zikiisha bila baki inaitwa krita, umeshinda. Zikibaki tatu ni treta, mbili ni dvapara, ikibaki moja ni kali, hapo umeliwa. Kama majina hayo umeyasikia mahali, ndiyo, ni majina yale yale ya zama nne za dunia, na Wahindu wengi mpaka leo wanasema tuko kwenye Kali Yuga, ile mbovu ya mwisho. Kwa hiyo ukisoma Mahabharata ukaona watu wanacheza dadu ujue msikilizaji wa wakati ule alikuwa anasikia na hesabu ya dunia nzima humo humo.

Na walijua vizuri sana ubaya wake, usidhani walikuwa wanaiona kamari kama kitu cha maana tu. Kuna wimbo kwenye Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za ibada za kale kabisa za India, kitabu cha 10 namba 34, zamani sana kabla ya Mahabharata, ambao ni mcheza kamari mwenyewe analia. Mke kamkataa, mama mkwe hamtaki, anajiapiza sirudi tena, halafu anazisikia zile kokwa zinamwagwa ubaoni anajikuta anaenda. Anasema hazina mikono lakini zinamshinda mwenye mikono. Mwisho wake anaambiwa acha dadu, kalime shamba lako.

Basi twende kwenye kile alichokwambia jamaa yako. Ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ni nzito.

Yudhishthira kabla ya kamari alikuwa ametoka kufanya rajasuya, yani ibada ya kumtawaza mfalme awe juu ya wafalme wengine wote. Si sherehe ya siku moja ile. Ndugu zake wanne wanatumwa pande nne za dunia kutiisha watu na kuleta kodi, Arjuna kaskazini, Bhima mashariki, Sahadeva kusini, Nakula magharibi. Jarasandha wa Magadha, ambaye alikuwa kafungia wafalme kibao akitaka kuwatoa kafara, anauawa kwanza. Siku ya kugawa heshima, Krishna, binamu na mshirika wao, anapewa yeye ya kwanza, mfalme mmoja anaitwa Shishupala anatukana, anakatwa kichwa pale pale kwenye ibada. Duryodhana yeye kapangiwa kazi gani? Kupokea zawadi. Amesimama pale anapokea mali ya wafalme wote inapita mikononi mwake inaenda kwa binamu yake, mtunzi alijua anachofanya.

Na Narada, yule mzee wa kuzurura kati ya mbingu na dunia, alikuwa ameshawaonya mapema. Kwamba ibada hii ina vikwazo vingi, kuna mapepo yanakaa yanatafuta kosa dogo tu ndani yake, na nyuma yake hufuata vita ya kumaliza watu. Waliisikia, wakaendelea.

Ukitaka kujua rajasuya ilifanywaje hasa unaacha Mahabharata kidogo unaenda kwenye vitabu vya makuhani, Shatapatha Brahmana hasa kile kitabu cha 5. Kuna maji yanakusanywa ya aina nyingi, ya mto, ya mvua, ya kisima, mfalme anamwagiwa. Kuna kupanda gari la farasi na kufanya kama anavamia ng'ombe. Halafu dadu. Kuhani anamwekea mfalme kokwa tano mkononi, anamwambia wewe ndiye mshindi, pande hizi tano za dunia zikunyookee (tano maana na juu inahesabiwa). Makuhani wanamchapa fimbo mgongoni taratibu, kimya, ili kuanzia hapo asiwe mtu wa kuadhibiwa na mtu. Kisha unatolewa upanga wa mbao, anapewa mfalme, mfalme anampa ndugu yake, ndugu anampa mwimba sifa na mwendesha magari wa ikulu au liwali, yeye anampa mkuu wa kijiji, mkuu wa kijiji anampa mtu wa ukoo, na kila anayepokea anatamkiwa kuwa yuko chini ya aliyempa. Kwa upanga huo huo wanachora uwanja wa dadu, ng'ombe anawekwa dau, mchezo unachezwa. Na mfalme hashindwi, ndiyo maana ya mchezo wenyewe, ni kama kuapishwa.

Umeona sasa? Kwenye ibada, mfalme anacheza dadu na ndugu na jamaa zake na kila mtu anatoka akijua nafasi yake. Kwenye shairi, mfalme aliyetoka kutawazwa anaitwa kucheza dadu na ndugu na jamaa zake na anatoka hana hata nguo ya maana mwilini. Ni ibada ile ile imepinduliwa chini juu. Mtu aliyelisema hili wazi kwa wasomi wa sasa ni J.A.B. van Buitenen, Mholanzi aliyekuwa anafundisha Chicago, mwaka 1972, kwamba kitabu cha pili cha Mahabharata kizima kimejengwa juu ya mifupa ya rajasuya, hatua kwa hatua, na kamari ndiyo hatua yake ya mwisho mwisho.

Mi naikubali hoja hiyo lakini nina breki moja. Shairi lenyewe halisemi popote "nacheza kwa sababu ibada yangu haijaisha". Wageni wa rajasuya walishaondoka, na kamari inafanyika mjini Hastinapura kwa baba mkubwa Dhritarashtra, si Indraprastha. Yudhishthira anapoulizwa anatoa sababu zake mbili tatu, kwamba Dhritarashtra ni kama baba, akiniita siwezi kukaa, na kwamba nina nadhiri, nikiitwa kwenye mchezo sirudi nyuma. Kwa mtu wa tabaka la wapiganaji kukataa mwito wa kushindana ni aibu sawasawa na kukimbia vitani. Anaongeza na mambo ya majaliwa, kwamba dunia inaendeshwa na aliyeipanga. Kwa hiyo jamaa yako akisema "dini ilimlazimisha" kazidisha. Sahihi zaidi useme mtunzi kachukua umbo la ibada ambalo wasikilizaji wake walilijua akalitumia kuwatisha.

Na tusimsafishe sana pia. Shakuni kabla hata mwaliko haujaenda anamwambia Duryodhana, huyu mtoto wa Kunti (yani Yudhishthira) anapenda dadu na hajui kucheza. Basi, mpango wote uko hapo. Soma vizuri jinsi anavyopoteza, lulu, dhahabu, gari, watumwa, tembo, farasi, na kila raundi kuna kishazi kile kile kinarudi, Shakuni anasema "nimeshinda", hatuelezwi hata anaibaje, tunaambiwa tu alitumia hila. Mali ikiisha anaanza ndugu, Nakula, kisha Sahadeva, hapo Shakuni anamchoma, anasema naona hawa watoto wa Madri, mama yako wa kambo, umewatoa haraka, wa mama yako mwenyewe unawaonea uchungu. Ni sumu ya makusudi. Arjuna anaenda, Bhima anaenda, kisha anajiweka mwenyewe, anapotea. Na ndipo Shakuni anamwambia umekosea, mtu hajipotezi mwenyewe wakati bado ana mali, yupo mkeo. Mtu mwenye akili zake angeinuka pale, yeye akaweka.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho kwangu ndicho kinaifunga hoja ya ibada kuliko uchambuzi wowote wa wasomi. Dushasana, mdogo wake Duryodhana, anaenda kumburuta Draupadi aje ukumbini, anamshika nywele. Draupadi yuko kwenye siku zake, amevaa nguo moja, kwa desturi yao wakati huo mwanamke hukaa pembeni haonekani na watu, na anasema hivyo, nisipelekwe mbele za watu namna hii. Na mtunzi anapotaja zile nywele haishii kusema nyeusi ndefu. Anasema ni nywele zilezile zilizonyunyiziwa maji yaliyosomewa mantra, yani maneno matakatifu, kwenye josho la mwisho la rajasuya. Josho hilo, avabhritha, ndilo linafunga ibada, mfalme na malkia wanaoga pamoja. Kwa hiyo anayeburutwa si mke wa mtu tu, ni mwili uliowekwa wakfu juzi tu hapa na sasa unaguswa katika hali ambayo haukutakiwa kuguswa kabisa. Kwa msikilizaji wa zamani hicho kisingehitaji maelezo, sisi ndio tunapitwa nacho kwa sababu kwenye TV tunamwangalia analia.

Yeye naye hakulia tu, aliuliza swali la sheria. Alijipoteza yeye kwanza au mimi kwanza? Maana kama alishakuwa mtumwa, mtumwa ana mali gani ya kuweka dau? Bhishma, mzee wa wazee, anajibu kwamba dharma, yani haki na wajibu, ni nyembamba mno, asiye na mali hawezi kuweka mali ya mwingine lakini mke naye husemwa yuko chini ya mume, siwezi kukata shauri. Vikarna, mdogo wake Duryodhana, ndiye pekee kati ya wale ndugu mia anasimama kusema hajashindwa huyu. Anazomewa na Karna, rafiki wa Duryodhana. Zile nguo zisizoisha zinatokea hapo, na kwenye toleo la Pune hata Krishna hatajwi kuzileta, zinatokea tu.

Kinachosimamisha mambo mwisho wake si hoja. Ni mbweha analia kwenye chumba cha moto wa ibada cha Dhritarashtra, punda wanaitikia, ndege wabaya nao. Moto ule ni wa kutolewa sadaka asubuhi na jioni, ukiona mnyama wa makaburini anabwekea hapo nyumba imekwisha. Mzee kipofu anaogopa, ndipo anamwambia Draupadi omba.

Na hapa ndipo swali lako la mwisho. Anaomba la kwanza, Yudhishthira awe huru ili mwanangu asije akaitwa mtoto wa mtumwa. La pili, hawa wanne wengine wawe huru pamoja na magari na pinde zao. Anaambiwa omba la tatu, anakataa, anasema tamaa inaua dharma, na utaratibu ni huu, mtu wa tabaka la wafanyabiashara anaomba moja, mwanamke wa wapiganaji mawili, mfalme matatu, Brahmana (mtu wa tabaka la makuhani) mia. Yani pamoja na yote aliyofanyiwa, katika ukumbi ule uliojaa wazee, yeye ndiye anakumbuka kanuni na anaifuata. Mali hakuomba, Dhritarashtra kairudisha mwenyewe.

Hawakufika hata nyumbani wakaitwa tena, mtupo mmoja tu safari hii, atakayeshindwa aende msituni miaka 12 na wa 13 ajifiche asijulikane. Yudhishthira akarudi akacheza, akashindwa. Huko msituni akaja mzee mmoja anaitwa Brihadashva akamsimulia habari za Nala, mfalme mwingine aliyeliwa na dadu, kisha akamfundisha siri yote ya mchezo. Mwaka wa 13 ulipofika akajificha kwa mfalme Virata, na kazi aliyoomba kule ilikuwa kucheza dadu na mfalme.