Shangazi, mwanangu amekataa kurudi bweni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Mombasa. Likizo hii ya Agosti ilipokaribia kwisha, hali yake ilibadilika. Chakula hakili, usiku halali, asubuhi analalamika tumbo. Nimempeleka hospitali, wamempima, hawakuona kitu. Siku ya kufungua shule tulivuka mapema na sanduku lake. Tulipofika Mokowe, gati la upande wa bara yanakoondokea mabasi, utingo anaita abiria, mwanangu akakaa chini pale gatini akasema, "Mama, siendi." Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nikarudi naye nyumbani, na jioni ile ile tumbo likapoa. Babake, ambaye ni nahodha, anasema ni uvivu na mimi ndiye niliyemdekeza. Mavyaa wangu anasema ni kijicho, amemletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani, anywe. Shule inapiga simu kila siku. Karo imelipwa, nauli imepotea, na mimi sijui nimsukume au nimwache.
Mama Barobaro, Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile tumbo, maana ndilo linalowagombanisha nyumbani. Maumivu yale ni ya kweli. Mwili ukihisi hatari, moyo hudunda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli ya mikono na miguu, na tumbo hupunguza kazi yake. Ndipo huja kichefuchefu, msokoto na safari za chooni. Hospitali haikuona kitu kwa sababu hakuna kidonda, lakini mtoto hakudanganyi. Mwambie babake hivyo, na umwombe asimwite mvivu tena mbele ya wadogo zake. Mvivu hulala, huyu wako halali.

Kombe la bibi yake msilikatae. Kijana akisomewa na mtu ampendaye roho hutulia, na utulivu huo anauhitaji sana wakati huu. Ila akishakunywa, lile linalomngoja shuleni bado liko pale pale, na ndilo tunalopaswa kulitafuta.

Umeuliza umsukume au umwache. Mimi kumwacha ndiko ninakokuogopa zaidi. Uliona mwenyewe tumbo lilivyopoa mliporudi. Mwili wake ulijifunza kwamba akikimbia anapona, na safari ijayo utadai kukimbia tena, kwa nguvu zaidi. Huku nyuma masomo yanampita, wenzake wanaanza kuulizana yuko wapi, na muhula wa tatu una wiki tisa tu. Kila siku anayokaa nyumbani inaongeza ugumu wa siku ya kurudi. Kwa hiyo wekeni tarehe, iwe wiki hii. Lakini kabla ya tarehe hiyo, jueni anaogopa nini hasa.

Usimuulize, "Kwa nini hutaki shule?" Atasema hajui, na huenda kweli hajui. Muulize hivi: tangu mnapoamshwa mpaka taa zinapozimwa, saa ipi ndiyo mbaya kuliko zote? Nilipokuwa mwalimu wa ushauri nasaha, niliwahi kuletewa kijana aliyesema anaichukia shule yote, kuanzia kengele mpaka lango. Tukaipitia siku yake saa kwa saa. Kuamka, sawa. Uji, sawa. Hesabu haipendi, lakini anaimudu. Tulipofika saa ya kuoga akanyamaza, akaanza kuvuta uzi kwenye pindo la shati. Bafu za bweni hazikuwa na milango, na wakubwa walikuwa na mchezo wa kumnyang'anya ndoo wakamwacha na povu mwilini, mbele ya wote. Alichokuwa akikiogopa ni ile nusu saa, lakini ilikuwa imemwenea mpaka akaiona shule nzima ni mbaya. Wale wakubwa waliitwa wakaulizwa, matroni akamruhusu aoge mapema, na kijana akasoma pale pale mpaka akamaliza kidato cha nne.

Namna ya kuuliza nayo ni kazi. Usimkalishe mbele yako kama yuko kwa kadhi. Kaa naye dakani baada ya Isha, ubavu kwa ubavu, au mpe nazi akune wewe ukichambua mchele. Vijana wa umri huu husema mikono ikiwa na shughuli na macho hayakutani. Akianza kusema, usimkatize kwa nasaha wala usicheke, hata kama jambo lenyewe kwako ni dogo. Sema tu, "Enhe," na umwache aendelee. Akikataa usiku wa kwanza, jaribu wa pili.

Ukisikia jambo zito, kama kuchapwa, kutishwa atoe pesa au kuguswa mwili, hapo tumetoka kwenye wasiwasi, tumeingia kwenye ulinzi wa mtoto. Asirudi mpaka wewe na babake muonane na mwalimu mkuu uso kwa uso. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi, na shule haina ruhusa ya kuwaambia vingine. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto haina malipo. Piga wewe, au mwache apige mwenyewe.

Kama si hayo, mpigie mwalimu wake wa darasa umtajie ile saa moja tu. Usimwambie "mtoto anaumwa", kwa sababu hapo mwalimu hajui la kufanya. Mwambie, kwa mfano, "Anaogopa kusimama kusoma mbele ya darasa," naye ataweza kumwacha wiki ya kwanza asome akiwa amekaa. Omba pia atajiwe mtu mzima mmoja atakayemwendea akizidiwa, bila kuulizwa maswali mengi mlangoni.

Kisha msogezeni kidogo kidogo. Asubuhi ya kwanza avae sare akae nayo nyumbani. Sanduku alipakie upya mwenyewe, wewe ukimpa vitu mkononi tu. Siku ya pili vukeni mpaka Mokowe bila mzigo, mkae pale pale gatini alipokaa chini, mnywe chai, na mabasi yaondoke yeye akiyatazama. Moyo utamdunda. Msinyanyuke wakati huo. Ngojeni mpaka ushuke wenyewe, hata kama itachukua saa nzima, maana akiondoka woga ukiwa juu atakuwa amekimbia mara ya pili. Siku ya tatu asafiri, na babake ndiye ampeleke.

Hili la babake naliomba kwa dhati. Kutoka Mokowe kupita Witu na Garsen hadi Mombasa kuna muda mrefu wa kukaa pamoja. Amsimulie mwanawe usiku wa kwanza aliokwenda baharini akiwa mdogo, alivyojisikia, na alivyofanya. Hakuna nahodha ambaye hakuogopa siku ile, na kijana huyu pengine hajawahi kulisikia hilo kwa mdomo wa babake.

Gatini msianze mashauri upya. Usimwahidi kwamba shuleni hakutakuwa na tabu, kwa sababu hulijui hilo naye anajua hulijui. Mwambie, "Najua unaogopa, na najua utaiweza." Rudia maneno hayo hayo akikubishia.

Simu ilale chumbani kwenu kuanzia leo. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na hawezi kuupata akiwa na kioo mkononi usiku wa manane.

Lakini ukimsikia anasema afadhali asingekuwepo, au anagawa vitu vyake, au ukiona amejikata ngozi, usingoje tarehe yoyote. Mpeleke hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo, umweleze daktari waziwazi bila kuona haya, na usimwache peke yake hata usiku.

SWALI: Shangazi, mimi ni msichana wa Shela, kidato cha nne. Nikiwaza kufungua shule na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, usiku moyo unanienda mbio na pumzi zinakata. Nikimwambia mama ananiambia niombe dua. Naomba, lakini bado. Je, ni wazimu?

JIBU: Si wazimu, binti yangu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili la namna fulani, na wasiwasi ni katika yale yanayoonekana sana. Dua usiiache. Ongeza na haya.

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, kwa dakika chache. Jizoeze baada ya Alasiri ukiwa mtulivu, ndipo usiku mwili uikumbuke. Kabla ya Magharibi andika kwenye daftari kila linalokutisha kuhusu mtihani, kisha chagua moja utakalolishughulikia kesho. "Nitafeli" ni kubwa mno, hulipati pa kulishika. "Sijaelewa mole kwenye kemia" lina pa kuanzia: karatasi moja ya mitihani iliyopita, saa moja, na rafiki anayeijua.

Kama pumzi zinaendelea kukata hata baada ya shule kufungua, mwende wewe na mama kwa daktari. Mwonyeshe mama ukurasa huu, mwambie Shangazi amesema muende pamoja. Na mwishoni mwa Oktoba, mitihani ya vitendo ikikaribia, niandikie tena uniambie unalalaje.